Staa Umetoka Istanbul, Hiyo Jetilagi Umeitoa Wapi?

Haya wadau, leo tuongee kuhusu hivi vidonge vya kutafuna ambavyo siku hizi haviishi kwenye stori za mastaa wetu kila wakitoka safari. Majina sitaji, hapa sio mahakamani, na nyie wenyewe mnawajua kuliko mimi.

Picha huwa ni ile ile. Begi la magurudumu, miwani nyeusi, kahawa kwenye kikombe cha karatasi, halafu pembeni kuna kikopo kidogo kimegeuzwa makusudi ili nembo isomeke. Kapsheni inasema jetilagi ingemmaliza kama sio hiki kikopo. Chini yake kuna linki na kodi ya punguzo. Watu elfu kadhaa wamegonga moyo, wengine tayari wanauliza "dear kinapatikana wapi kwa Dar?"

Sasa mmoja wao alikuwa anatoka Istanbul. Istanbul, jamani! Uturuki iliacha kubadilisha saa mwaka 2016, ikabaki masaa matatu mbele ya Greenwich, sawasawa na sisi. Ikiwa saa mbili usiku Dar, Istanbul ni saa mbili usiku. Ukitua pale huna hata haja ya kugusa saa ya mkononi. Mwingine alikuwa anatoka Dubai, ambako tofauti na sisi ni saa moja tu. Dada yangu, hiyo sio jetilagi, hiyo ni kukosa usingizi kwa sababu ulikuwa kiwanja mpaka asubuhi. Dawa yake ni kitanda.

Tungecheka tukaishia hapo. Ila mimi naona kuna jambo zito nyuma ya hiki kichekesho, ndio maana nimeamua kuliandika lote.

Kwanza, jetilagi ni nini hasa

Watu wengi wanadhani jetilagi ni kuchoka kwa sababu umekaa kwenye ndege muda mrefu. Hapana. Ukipanda basi la Dar kwenda Mwanza utachoka mpaka mgongo ulie, lakini huwezi kupata jetilagi. Jetilagi inakuja pale mwili wako unapobaki na saa ya nyumbani wakati wewe umeshahamia kwenye saa nyingine.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kijisehemu kidogo chenye seli kama elfu 20. Hicho ndicho saa kuu ya mwili. Kinaamua ulale lini, upate njaa lini, joto la mwili lishuke lini. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua jinsi saa hii inavyofanya kazi, na kazi yao waliifanya kwa vijinzi vya matunda. Yaani hata inzi ana saa yake.

Na kinachoirekebisha saa hiyo kila siku ni mwanga, hasa wa jua. Hapa ndipo napopenda Kiswahili chetu. Wazungu siku yao inaanza usiku wa manane watu wamelala. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, jua likitoka ndio tunaanza saa moja. Mwili wako nao ni Mswahili. Unasubiri jua ndio ujue siku imeanza.

Sasa chukua mfano wa watu wetu wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou kufuata mzigo. China iko masaa matano mbele yetu. Umetua, ni saa nne asubuhi, wenyeji wamefungua maduka, mwili wako unasoma saa kumi na moja alfajiri. Usiku saa tano unataka kulala, mwili unakuambia ni saa kumi na mbili jioni, bado mapema. Unakodoa macho kwenye dari ya hoteli, kesho yake unaenda kuhesabu mzigo na kusaini makaratasi ya kontena ukiwa nusu mtu nusu zombi. Na huo mtaji wakati mwingine sio wako, ni wa familia nzima. Kwa huyu mtu jetilagi sio pozi la Instagram, ni hasara inayomsubiri mlangoni.

Nairobi kwenda New York ndio usiseme. Kenya Airways walianza kwenda moja kwa moja Oktoba 2018, masaa kama 15 hewani, na ukifika tofauti ni masaa saba au nane kutegemea na msimu. Hapo jetilagi ni ya ukweli kabisa.

Haya, ndani ya kikopo kuna nini?

Vidonge hivi ni vya aina ya tiba inayoitwa homiopathi. Usichanganye na miti shamba, nitakuja huko. Ukisoma nyuma ya vikopo vingi vya jetilagi utakuta majina ya mimea kama arnica, chamomilla na ipecacuanha, na mbele ya kila jina kuna namba, mara nyingi 30C. Watu wanaona 30 wanadhani ni nguvu. Ngoja nikuambie ile 30 ni nini.

Unachukua tone moja la dawa ya mmea, unalichanganya na matone 99 ya maji au pombe, unatikisa. Hiyo ni 1C. Kisha kwenye huo mchanganyiko unachukua tena tone moja, unaweka kwenye matone mengine 99, unatikisa. Hiyo ni 2C. Unaendelea hivyo mara 30.

Ukifika mara ya 12 tu, ni kama umechukua tone moja la maziwa ukalidondosha kwenye Bahari ya Hindi yote, kuanzia Koko Bichi mpaka Australia, ukakoroga, halafu ukateka kikombe. Na bado hapo una mara nyingine 18 za kuzimua! Kwa hesabu za kemia, kwenye kidonge cha 30C usitegemee kukuta hata chembe moja ya ule mmea ulioandikwa. Kilichobaki ni kidonge chenyewe, ambacho mara nyingi ni sukari ya aina fulani.

Hii ni chai ya maziwa ambayo ng'ombe alipita tu nje ya nyumba.

Wenyewe wanajibu kwamba maji yanakumbuka. Sawa. Ila kama maji yanakumbuka, mbona hayakumbuki mabomba yote yaliyopitia? Wengine wanasema kadiri unavyozimua ndivyo nguvu inavyozidi. Nenda kajaribu hiyo kwa muuza supu wako wa asubuhi, mwambie akuzimulie mara 30 halafu umlipe zaidi.

Na msije mkasema nazidharau dawa za asili. Bibi akikuchemshia mwarobaini, ule uchungu unaousikia kooni ni ushahidi kwamba kuna kitu ndani. Kinaweza kusaidia, kinaweza kudhuru, lakini kipo, na kinaweza kupimwa. Dawa ya mseto tunayomeza tukiwa na malaria ina kiungo kilichotokana na mmea, na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Mimea inatibu. Kinachosumbua ni kuuziwa jina la mmea bila mmea.

"Mbona mimi ilinisaidia?"

Najua komenti hii itakuja, acha niijibu kabla haijafika.

Jetilagi inaisha yenyewe. Kwa kawaida mwili unajirekebisha kama saa moja kwa siku. Umetoka Guangzhou, tofauti masaa matano, ndani ya siku tano hivi utakuwa sawa hata ukitafuna bigijii. Ukimeza chochote katika siku hizo, kitachukua sifa.

Halafu angalia maelekezo ya vidonge vyenyewe. Vingine unaambiwa utafune ndege ikipaa, kila baada ya masaa mawili, na ikitua. Mtu anayefuata hivyo anajipanga, anakunywa maji, hanywi pombe nyingi kwa sababu yuko kwenye dozi. Akitua mwepesi anasifia kikopo, kumbe ni maji.

Na kuna nguvu ya kuamini. Ukiamini umekunywa dawa, unajisikia nafuu, hilo linajulikana na wala sio uchawi. Ila kujisikia nafuu na saa ya ubongo kusogea ni vitu viwili. Kidonge cha sukari hakiwezi kuuambia ubongo kwamba jua limetoka.

Kama hunisikii mimi ambaye hata chuo sijaenda, sikiliza wenye kazi yao. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti 176 za homiopathi, likasema hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba tiba hii inaufanyia kazi. Mwaka 2017 huduma ya afya ya Uingereza iliwaambia madaktari wake waache kuiandikia wagonjwa. Marekani vinauzwa rafu kwa rafu bila cheti cha daktari, lakini FDA wenyewe wanasema hakuna bidhaa hata moja ya homiopathi waliyoiidhinisha. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii inauzwa Marekani", mjibu kwamba hata mabango ya Marekani yanauzwa.

"Si sukari tu, inamdhuru nani?"

Hapa ndipo nilipokuwa nataka tufike.

Kwanza, sio kila kilichoandikwa homiopathi ni sukari tupu. Kuna vya kuzimuliwa kidogo, na kuna vilivyotengenezwa hovyo. Januari 2017 FDA walitangaza kwamba vidonge fulani vya homiopathi vya watoto wanaoota meno vilikutwa na belladonna, mmea wenye sumu, kwa viwango visivyolingana, vingine vikizidi sana kile kilichoandikwa kwenye lebo. Ni watoto wachanga hao.

Pili, barabara. Mtu katua usiku katoka safari ndefu, saa ya mwili haijui iko wapi, ila kwa sababu katafuna vidonge anaamini yuko fiti. Anachukua funguo za gari, anaendesha kwenda Moshi alfajiri ile ile. Usingizi wa sekunde tatu kwenye usukani hauulizi ulitafuna nini. Asiyetafuna kitu angalau anajijua kachoka, anamwachia mwingine usukani.

Tatu, na hii ndio inaniuma zaidi, ni malaria.

Mnajua homiopathi ilianzia wapi? Kuna daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790 akiwa mzima alijaribu kula gome la mti wa kwinini, lile lililokuwa likitibu malaria enzi hizo, akasema amejisikia dalili kama za malaria. Akahitimisha kwamba kinacholeta dalili kwa mzima kinaponya dalili hizo kwa mgonjwa. Nadharia yote ikajengwa juu ya hapo. Yaani tiba hii imezaliwa na dawa ya kweli ya malaria, halafu ikazimuliwa mpaka dawa ikaisha.

Sasa mwaka 2006, London, waandishi wa BBC waliingia kwenye kliniki na maduka ya homiopathi wakijifanya wasafiri wanaokuja Afrika. Wakashauriwa watumie vidonge na matone ya homiopathi kujikinga na malaria badala ya dawa za kawaida. Wataalamu wa afya wa Uingereza walikuja juu, kwa sababu mtu anakufa hapo.

Na usidhani wanaoumia ni watalii wenye kofia za safari. Wagonjwa wengi wa malaria wanaopatikana Uingereza ni watu waliokwenda kutembelea ndugu zao nyumbani. Ni kaka yako aliyeko London. Ni shangazi aliyeko Birmingham. Kazaliwa huku, anaamini malaria haimuwezi, kumbe ile kinga aliyokuwa nayo imeshapungua baada ya miaka ya kukaa kwenye baridi. Anakuja harusini Tanga, anakula raha wiki tatu, anarudi. Wiki ya pili akiwa kule anasikia uchovu, kichwa kinagonga, mwili unauma, anasema "aah, jetilagi tu hii." Anatafuna vidonge.

Piga hesabu na mimi. Kati ya Dar na London ni masaa mawili au matatu. Jetilagi yake ni ya siku mbili tatu. Wiki ya pili haiwezi kuwa jetilagi. Na jetilagi haileti homa. Malaria ndio huanza kujionyesha kuanzia siku kama 7 baada ya kuumwa na mbu, na inaweza kusubiri wiki kadhaa. Kwa hiyo ukiwa na ndugu nje aliyetoka nyumbani siku za karibuni, akasema anasikia homa, mwambie aende hospitali siku hiyo hiyo na amwambie daktari kwamba ametoka Afrika Mashariki. Hilo la mwisho ni muhimu, maana daktari wa kule asipoambiwa anaweza kufikiria mafua.

Ndio maana siwezi kukicheka kile kikopo kwenye stori nikapita. Mtu akizoeshwa kuamini vidonge hivi kwa kitu kidogo kama jetilagi, kesho ataviamini kwa kitu kikubwa. Mlango unafunguliwa na kitu kisicho na madhara.

Kinachosaidia kweli

Sitaki kuwaacha mikono mitupu. Hivi hapa, na vingi ni vya bure.

1. Hesabu tofauti ya masaa kwanza. Ikiwa chini ya matatu, pumzika, kunywa maji, maisha yaendelee. Istanbul, Doha, Jeddah, Dubai, Joburg, hakuna kesi hapo.

2. Tumia mwanga kwa akili. Ukienda magharibi, kama New York, pambana kukaa macho mpaka usiku wa pale, na kaa kwenye mwanga jioni. Ukienda mashariki ni kugumu zaidi, kwa sababu mwili unarahisishiwa kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Guangzhou siku ya kwanza usikimbilie jua la saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu mwili wako unadhani ni saa saba usiku na mwanga wa muda huo unaweza kuirudisha saa nyuma badala ya kuisogeza mbele. Vaa miwani asubuhi, kisha kuanzia saa nne toka nje uote jua vya kutosha. Hapo ile miwani nyeusi ya mastaa ina kazi!

3. Anza kabla ya safari. Siku tatu kabla ya kwenda mashariki, lala mapema kidogo na uamke mapema kidogo kila siku. Ukienda magharibi fanya kinyume.

4. Usingizi wa mchana uwe mfupi, dakika 20 au 30. Ukilala masaa manne mchana umejichimbia kaburi la usiku. Kahawa asubuhi sawa, jioni iache.

5. Melatonini. Hii ni homoni ambayo mwili wenyewe unaitoa giza likiingia, na kuna vidonge vyake. Mwaka 2002 wachambuzi wa Cochrane walipitia majaribio 10, na mengi kati yake yalionyesha kwamba ukiimeza karibu na muda wa kulala wa huko unakokwenda, jetilagi inapungua kwa safari za kuvuka kanda tano za saa au zaidi. Lakini sio pipi. Ukiimeza saa isiyo yake inaharibu zaidi, na wenye kifafa au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima waongee na daktari kwanza. Muulize mfamasia, sio staa.

Kwa mastaa wetu

Tunawapenda, tunawastrim, tunawapigania kwenye komenti mpaka usiku wa manane. Mkitangaza wigi tutanunua wigi, likinyonyoka tutacheka yakaisha. Ila mkitangaza kitu cha kumeza, pale chini kuna binti wa Mbagala anayekusanya buku buku akanunue kikopo hicho kwa sababu ni wewe umesema, na hata paspoti hana. Kuna mfanyabiashara anayekwenda China wiki ijayo kwa mara ya kwanza. Kuna mtu ana ndugu Uingereza na anamtumia hiyo linki sasa hivi. Hao ndio waliokufanya uitwe staa.

Geuza kikopo usome nyuma kabla hujasaini dili. Ukiona 30C, jua unalipwa kuuza sukari. Ukiamua kuiuza basi andika kapsheni ya ukweli: nimelipwa, na sijui kama inafanya kazi. Tuone kama watakupa hiyo dili.

Na wewe mdau unayesoma, staa akipost jetilagi, fungua simu uangalie huko alikotoka ni saa ngapi. Inachukua sekunde kumi.

Haya, uwanja wenu. Nani amewahi kwenda Guangzhou au Marekani hapa, siku ya kwanza ulikuwaje na ulifanya nini? Na nani ametafuna hivi vidonge? Tiririka kwenye komenti, matusi hapana, ila ushahidi wa "mimi ilinisaidia" uje na tofauti ya masaa.